Mkufu na Mnyororo: Historia Fupi ya Waya na Mapambo ya Pete za Chuma Afrika Mashariki

Utangulizi

Mwenzangu mmoja hapa Kyambogo, anayesomea sanaa na usanifu, hujitafutia fedha za matumizi kwa kutengeneza bangili, hereni na mikufu ya pete ndogo za waya zilizounganishwa moja kwa moja hadi zikawa kama kitambaa. Waya wenyewe ni wa shaba, na hununua Katwe kwa mafundi wanaofumua mota mbovu. Siku moja alipanga kazi zake mezani katika maonyesho ya wanafunzi. Mzee mmoja mgeni akaichukua bangili, akaigeuzageuza, akasema, "Mwanangu, umefanya kazi nzuri, lakini hii ni sanaa ya Wazungu. Sisi tulikuwa na shanga." Mwenzangu akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi, akajibu, "Ndiyo, mzee."

Nilikuwa nimesimama pembeni na sikusema neno, kwa kuwa sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kulitafuta. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kuunganisha pete za chuma na shaba ni ya zamani katika eneo letu. Kilichotutoka ni waya wenyewe, na aliyeshika waya ndiye aliyeamua pambo litagharimu nini na nani atalivaa.

Kazi yenyewe

Ili tuelewane, ni vyema kueleza kwanza kazi hii hufanywaje. Fundi huuzungusha waya kwenye kijiti cha chuma, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka upate umbo la springi. Kisha huikata springi hiyo kwa urefu, na kila mzunguko huwa pete yenye mdomo wazi. Kwa koleo mbili huufungua mdomo kwa kuupinda upande mmoja mbele na mwingine nyuma, huingiza pete nyingine, halafu huufunga. Katika mfumo ambao mwenzangu huutumia zaidi, kila pete hupita ndani ya pete nne. Waya wake una unene wa milimita 1.2 na uwazi wa pete ni milimita 5. Pete ikiwa nyembamba kuliko hapo, kitambaa hukakamaa. Ikiwa pana mno, hulegea na kupoteza umbo. Bangili moja humla pete mia mbili hivi na jioni nzima.

Mfumo huo wa pete nne, kusema kweli, haukuzaliwa hapa. Ni mfumo wa deraya, yaani vazi la vita la pete za chuma. Wanaakiolojia wameuona katika makaburi ya Wakelti wa Ulaya ya karne ya 3 kabla ya Kristo. Lakini deraya haikubaki Ulaya. Neno lenyewe limetufikia kutoka Kiarabu, na msomaji Mwislamu analijua kwa njia nyingine: Kurani inamtaja Nabii Daud kuwa ndiye aliyelainishiwa chuma na kufundishwa kuunga deraya. Wapanda farasi wa Sudani na Bornu waliendelea kuivaa hadi karne ya 19. Kwa hiyo hata upande wa vita, mzee yule alikuwa na nusu ya ukweli tu. Upande wa mapambo, ushahidi uko karibu zaidi nasi.

Kabla ya misafara

Kando ya Ziwa Kisale, kusini mashariki mwa Kongo, kuna mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya watu walioishi hapo takribani miaka elfu moja iliyopita. Pamoja na vyungu walikuta bangili, kengele na mikufu ya shaba, mingine ikiwa imesukwa kwa waya. Shaba hiyo ilitoka kwenye machimbo ya kusini, safari ya siku nyingi kwa miguu. Ina maana kwamba wakati huo palikuwa na mchimbaji, myeyushaji, mvuta waya na msukaji, wote wakiwa watu wa bara hili.

Mvuta waya ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kuvuta waya ni kuichonga ncha ya ufito wa madini, kuipitisha katika tundu la bamba la chuma, kuikamata kwa koleo na kuuvuta ufito wote upite. Kisha hupitishwa tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, hadi unene utakiwao upatikane. Huko Ingombe Ilede, katika bonde la Zambezi, makaburi ya kale yalikuwa na vifaa hivyo vya kuvutia waya, pamoja na bangili za waya mwembamba uliozungushwa kwenye nyuzi za mimea. Mtindo huo wa kuzungusha haujafa. Huku kwetu magharibi mwa Uganda wanawake wa Kikiga walivaa enyerere miguuni, pete nyembamba za waya zilizopangwa nyingi kwa pamoja. Waswahili nao waliuita waya huo mwembamba udodi.

Kwa mikufu ya pete za chuma, mfano bora kabisa uko Kilimanjaro. Wasafiri waliofika huko katika karne ya 19 waliwasifu wahunzi wa Kichaga kwa mikuki na pia kwa minyororo yao myembamba ya mapambo. Wamasai waliinunua na kuining'iniza masikioni. Chuma kilitoka milima ya Pare, ambako mchanga wenye madini uliyeyushwa kwa tanuri na mivukuto.

Hapo tunakutana na jambo linaloonyesha uzito wa kazi hii. Profesa Isaria Kimambo, katika utafiti wake juu ya Wapare uliochapishwa mwaka 1969, alieleza kuwa katika Ugweno ukoo wa Washana, ambao ni wahunzi, ndio uliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Kwa Wamasai mambo yalikuwa kinyume: wahunzi wao, Il-kunono, walidharauliwa na hawakuozwa mabinti wa koo nyingine, ingawa mikuki na mapambo ya kila mtu yalitoka mikononi mwao. Mhunzi alitawala mahali pamoja na kutengwa mahali pengine, lakini hapakuwa na aliyeweza kuishi bila yeye. Katika Buganda twamkumbuka Walukaga wa ngano, aliyeamriwa na mfalme kufua mtu hai kwa chuma. Aliokoka kwa shauri la mwendawazimu: aliomba makaa ya nywele za watu na maji ya machozi. Ngano hii huchekesha, lakini inatukumbusha pia kuwa ikulu ilimtegemea mhunzi na kumtishia kwa wakati mmoja.

Masango

Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilileta bidhaa tatu kuu: nguo, shanga na waya. Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857, alieleza habari za masango, yaani mizunguko ya waya mnene wa shaba nyeupe au nyekundu, na vitindi, yaani bangili za waya uliokunjwa kama springi. Henry Stanley, alipojiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alichukua frasila 10 za waya, sawa na kilo 160 hivi. Alieleza kwamba shanga zilikuwa kama sarafu ndogo na nguo kama fedha, lakini ng'ambo ya Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu.

Waya huu ulivutwa na mashine katika viwanda vya ng'ambo. Ulikuwa laini, wa unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na ulikuwa rahisi kuliko kuchimba, kuyeyusha na kuvuta mwenyewe. Mhunzi hakufukuzwa kazini siku moja. Kwanza alifurahi, kwa sababu aliupokea waya wa pwani na kuufanya mikufu na hata mikuki, na kazi yake ikawa nyepesi. Tanuri ndiyo iliyopoa kwanza. Bamba la matundu likafuata. Mikono ikabaki na kazi ya mwisho tu, ya kukunja na kuunganisha. Wamasai walivaa waya mwingi zaidi kuliko babu zao, na kwa macho ya mgeni sanaa ilikuwa imestawi. Lakini chanzo chake kilikuwa kimehamia upande wa pili wa bahari.

Mkufu na mnyororo

Buganda iliingia katika biashara hii mapema. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suna II, naye ndiye mfanyabiashara Mwarabu wa kwanza kufika hapo ambaye jina lake limehifadhiwa. Nguo, shanga na waya viliingia. Pembe za ndovu zilitoka, na watu pia walitoka, kupitia Karagwe hadi Tabora na pwani.

Hapa lugha yetu inashuhudia jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Kiswahili kina maneno mawili kwa kitu ambacho kiufundi ni kimoja, yaani pete zilizoshikana. Ule mwepesi wa shingoni ni mkufu. Ule mzito wa kufungia ni mnyororo. Waganda walikuwa na neno lao, olujegere, kwa ule wa kufungia. Kwa ule wa shingoni walichukua neno la Kiswahili, wakasema omukuufu. Naona kwamba neno hilo lilisafiri pamoja na bidhaa yenyewe, na katika msafara huohuo, wakati wa kurudi, kulikuwa na watu waliofungwa kwa mnyororo. Waya uliomfurahisha binti mmoja ulilipiwa, mara nyingine, kwa binti mwingine.

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda tunakutana na jambo hili kila siku. Wapo wazazi wanaosema kuwa Kiswahili ni lugha ya wakamata watumwa. Hawakosei kuhusu njia iliyokileta. Lakini njia ya kuja si kitu chenyewe, la sivyo tungeitupa mikufu yote pamoja na neno lake.

Simu, reli na Kilembe

Serikali ya kikoloni ilileta waya wa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1896 reli ilijengwa kutoka Mombasa, na pembeni yake zikasimamishwa nguzo za simu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wanandi, ambao ardhi yao ilipitiwa, walikata nyaya hizo mara kwa mara na kuzifanya mapambo. Taarifa za wakati ule ziliuita wizi wa watu wanaopenda kung'aa. Nadhani maelezo hayo hayatoshi. Katika nchi ambamo waya ulikuwa mali kwa miaka hamsini, maofisa walikuwa wametundika mali juu ya miti katika shamba la watu bila kuwauliza. Aliyeikata alijipatia pambo, na hapohapo akakata mawasiliano ya adui. Upinzani huo ulivunjwa mwaka 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa.

Mfano wa mwisho ni wa kwetu kabisa. Mgodi wa shaba wa Kilembe, wilayani Kasese, ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Shaba ilisafirishwa hadi Jinja, ikayeyushwa huko kwa umeme wa Nile, kisha ikauzwa nje ikiwa vipande vizito visivyosafishwa kikamilifu. Ilikuwa miongoni mwa mazao makuu ya nchi baada ya kahawa na pamba, hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1982. Tulikuwa tena na mchimbaji na myeyushaji, kama watu wa Sanga. Lakini vipande viliondoka kama vipande, na shaba iliyofungwa ndani ya mota na redio zetu ilirudi kutoka nje kwa bei ya wengine.

Hitimisho

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Historia hii inatulazimu kuuliza pete hiyo imetoka wapi na imelipiwa nini. Tumeona kwamba pete za shaba na chuma zilisukwa Afrika Mashariki na ya Kati karne nyingi kabla ya masango kufika, kwamba waya wa kigeni uliongeza mapambo huku ukiua tanuri, na kwamba biashara hiyohiyo ilibeba mkufu na mnyororo.

Mzee yule, basi, angejibiwaje? Ningemwambia kwa heshima: mzee, mtindo wa pete nne umetoka mbali, ni kweli. Lakini mikono ya kuunganisha pete ilikuwepo Kilimanjaro na Kisale, na shanga unazozikumbuka, nyingi zake, zililetwa na misafara ileile iliyoleta masango. Ningemwonyesha pia waya wenyewe. Umetoka ndani ya mota iliyokufa, umenyooshwa kwa mkono Katwe, na umekatwa kwa koleo chumbani mwa mwanafunzi. Hatujui shaba yake ilichimbwa wapi. Huenda ni Zambia, huenda ni Chile, huenda hata ni Kilembe iliyozunguka dunia ikarudi nyumbani. Mwenzangu huuza bangili na kulipia chakula chake. Bado hana bamba la matundu, ila ameanza kuuliza mafundi wa Katwe kama wanaweza kumtobolea moja.