Nani Alimuuliza Mama?

Ndugu msomaji, nianze na jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema hata mbele ya rafiki zangu. Nilipokuwa na miaka kumi, kazi yangu siku ya posho ilikuwa kumfunga mdogo wangu. Mama alichana kitenge kikuukuu, akakisokota kamba, nami nikamfunga mtoto mguu kwenye nguzo ya nyumba, mafundo mawili, asije akakimbilia porini wakati Mama yuko kwenye foleni.

Hapo ni Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, mwaka 2007. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne na hakuwa anasema neno. Alipiga kichwa ukutani, aliuma wenzake, usiku hakulala. Ukimgusa ghafla alipiga kelele zikasikika mtaa wa pili.

Majirani walikuwa na majibu tayari. Wa kwanza alisema, "Ule mutoto ana pepo." Wa pili akasema mama yake alikosea jambo wakati wa mimba. Mwalimu mmoja akasema hakuna ugonjwa hapo, ni malezi tu, achapwe. Ukiyaangalia majibu hayo matatu, yote yanaishia kwenye mlango mmoja: mlango wa Mama. Naye alikuwa na sentensi moja tu ya kujibu: "Sasa mi nitafanya je?"

Baadaye nilipoanza kusoma historia, niligundua kwamba hukumu ile haikuzaliwa kambini kwetu. Imetoka mbali, na imepita hata mikononi mwa wasomi wakubwa.

Chukua Nairobi. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia wale walioitwa vichaa. Kuanzia mwaka 1938 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na sababu kubwa akaitafuta katika utamaduni na malezi yetu. Yaani, jamani, bara zima lilikuwa limelelewa vibaya! Leo nadharia hiyo imetupwa, lakini wakati wake ilisomwa kama sayansi.

Usidhani ni mama wa Kiafrika peke yake aliyeshtakiwa. Huko Marekani, mwaka 1943, daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 wenye hali ambayo sisi leo tunaiita usonji. Pamoja na kuwaeleza vizuri watoto, aliandika kwamba wazazi wao wengi walikuwa watu wa baridi, wasio na mapenzi ya wazi. Wengine wakalidaka neno hilo wakalikuza. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichowabebesha wazazi mzigo karibu wote. Fikiria mama ambaye hajalala miaka mitano, halafu mtaalamu anamwambia mtoto amekuwa hivi kwa sababu hukumpenda.

Waliovunja hoja hiyo walikuwa wazazi wenyewe. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliandika kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba chanzo kiko katika ubongo, si katika mapenzi ya mama. Mwaka 1965 alishirikiana na wazazi wenzake kuanzisha chama chao. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya wazazi hao akawatangazia kwamba hawana hatia. Ilichukua miaka 26.

Sasa turudi Tanzania. Kwetu lawama ilikwenda pamoja na desturi ya kumtenga mgonjwa na watu wake. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilijengwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliotolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ikafuata mwaka 1927. Sisemi hospitali hizo hazikuokoa watu, ziliokoa wengi. Ila mgonjwa alipelekwa mbali na kwao, na familia ikabaki nyumbani na aibu yake. Nani aliyemfuata mama kijijini kumwambia namna ya kuishi na mtoto akirudi?

Wako waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake. Mchana walipata tiba hospitalini, jioni walirudi kupika na kuongea na watu. Ndugu alijifunza pale pale.

Na hapa hapa nyumbani, Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wanaokula peke yao na kulala peke yao, kwa kuwa watu waliamini mate yao yanaambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto: walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Alitoa dawa, lakini pia alikaa na ndugu zao akawaeleza. Degedege zilipopungua, watu walirudi kwenye sahani moja na familia. Katika miaka ya 1980 serikali nayo ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kupeleka huduma ya akili hadi kwenye zahanati, karibu na nyumba za watu.

Sasa Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipowatoa watu Kivu Kusini wakavuka Ziwa Tanganyika. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwao, mimi nikazaliwa mwaka uliofuata. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae kambini, na akitaka kutoka awe na kibali. Kwa hiyo Mirembe kwetu ilikuwa jina tu. Bibi, shangazi, mama mdogo, wale ambao kwa desturi wangemchukua mtoto siku mbili ili Mama apumzike, walibaki ng'ambo ya ziwa au walikufa. Ule msemo wa mtoto ni wa jamii nzima unataka kwanza jamii iwepo.

Siku moja mwaka 2008 alikuja mhudumu wa afya wa kujitolea, mkimbizi kama sisi, kapu lake begani. Aliona kamba. Mimi nikajificha nyuma ya mlango nikingoja Mama agombezwe. Yule baba akakaa kwenye kigoda, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, nawe unalalaka usiku?"

Mama alilia mpaka sufuria ikaungua.

Hakuna muujiza uliofuata. Yule mhudumu alirudi kila wiki. Alimfundisha Mama kumwonyesha mtoto kitu kabla ya kumgusa, kufuata ratiba ile ile kila siku, na kumwondoa penye kelele. Kisha akamkutanisha na akina mama wengine watatu wenye watoto wa namna hiyo. Mwaka 2009, kambi ya Lugufu ilipofungwa na watu kuletwa kwetu, wakaongezeka wawili. Walipeana zamu: wawili wanabaki na watoto, wengine wanapanga foleni ya posho. Basi, kitenge kikarudi kuwa kitambaa cha kufungia vyombo.

Mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwao, Nyarugusu ilipita watu 150,000. Baadaye watafiti walizihoji familia za Warundi katika kambi za magharibi mwa Tanzania, baba, mama na mtoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha jinsi majeraha ya moyoni ya wazazi, ukali nyumbani na matatizo ya watoto yanavyofuatana. Mtu mvivu atasoma hapo aseme, "Si mnaona, kosa ni la wazazi!" Mimi nasoma vingine: mzazi aliyejeruhiwa naye ni mgonjwa wa kuhudumiwa. Ukimtibu mtoto ukamwacha mama, umetibu nusu.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima. Anasema maneno machache, anachota maji, hapendi mvua kwenye bati. Bado zipo siku mbaya.

Wenzangu mnaoandika, tuna kawaida ya kumweka chizi mmoja kwenye hadithi ili watu wacheke. Nami nimewahi kufanya hivyo. Safari nyingine ukimweka, mfuate mpaka kwao jioni. Kuna mtu anamsubiri mlangoni, na inawezekana hajalala.