Kipandauso, Usingizi na Mwezi: Hoja ya Tiba ya Kitabia katika Mwambao wa Mara

Mgonjwa anayefika kituo cha afya huko Murangi, wilayani Musoma, huku upande mmoja wa kichwa ukimgonga, tumbo likichafuka na macho yakikataa mwanga, hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyopasa katika mkoa kama Mara. Kipimo kisipoonyesha vimelea, hupewa paracetamol. Maumivu yakirudi, atainunua mwenyewe duka la dawa. Hapo ndipo ugonjwa wa pili unapozaliwa, juu ya kipandauso ambacho hakikutambuliwa. Anayemeza paracetamol siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayotokana na dawa hiyo hiyo. Kwa dawa za mchanganyiko, siku 10 zinatosha. Tafiti za nyumba kwa nyumba zilizofanywa vijijini Tanzania, Haydom ikiwamo, zimeonyesha kwamba kipandauso kipo mashambani pia, wala si maradhi ya wasomi wa mjini. Nashikilia kwamba tiba ya kitabia inafaa kuwa sehemu ya matibabu ya kawaida katika vituo vya aina hii, mradi ijengwe juu ya maisha ya wenyeji.

Tiba hiyo ni mafunzo zaidi ya maongezi. Mgonjwa hufundishwa kukaza ngumi, taya na mabega kwa sekunde chache, kisha kuyalegeza polepole huku akishusha pumzi, mpaka mwili uzoee kujilegeza wenyewe. Hufundishwa pia kuandika daftarini saa aliyolala, alichokula, dawa aliyomeza na siku aliyoumwa. Mwaka 1990 watafiti Holroyd na Penzien walikusanya tafiti nyingi na kuona kwamba mafunzo ya kulegeza mwili yakiambatana na kifaa cha kumwonyesha mtu mwitikio wa mwili wake yalipunguza kipandauso kwa takriban asilimia 43, sawa na dawa ya kinga ya propranolol, wakati dawa bandia ilipunguza kwa asilimia 14. Kwa watoto na vijana wa miaka 10 hadi 17, utafiti wa Powers na wenzake wa mwaka 2013 uliwagawa wagonjwa 135, wote wakitumia dawa ya amitriptyline: waliofundishwa tiba ya fikra na tabia walipungukiwa siku 11.5 za maumivu kwa mwezi, na waliopewa elimu ya kawaida siku 6.8.

Wapo watakaosema ushahidi bado ni dhaifu, na wana haki. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2019 yaliona tafiti nyingi kuhusu watu wazima zina kasoro. Lakini udhaifu wa ushahidi si ushahidi wa udhaifu, na hapa madhara ni madogo mno. Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ushauri wenyewe umetungwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Ubongo wenye kipandauso hausumbuliwi tu na uchovu. Husumbuliwa na mabadiliko. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani usiku wa giza, taa zikiwavuta samaki, na hupumzika mwezi unapong'aa, kwa hiyo usingizi wake hubadilika kila mwezi. Mnunuzi anayemsubiri ufukweni alfajiri, kisha akaanika dagaa juani, naye hufuata kalenda hiyo. Kumwambia mvuvi alale saa nne usiku ni kumdhihaki. Ushauri wa maana ni kupanga saa ile ile ya kulala mchana kwa kipindi chote cha giza, kula kabla ya kuingia mtumbwini, kubeba maji ya kunywa, na kuhamia ratiba ya mbalamwezi kidogo kidogo.

Na nani atafundisha, maana wanasaikolojia ni wachache? Jijini Harare, mradi wa Friendship Bench umewatumia wahudumu wa kawaida wa afya, wengi wao bibi wa mtaani, kutibu msongo na sonona, na matokeo yake yalithibitishwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Kipandauso si sonona, ila stadi za kufundisha zinafanana, na wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kujifunza. Dawa zisiondolewe: utafiti wa Holroyd wa mwaka 2010 kwa wagonjwa 232 ulionyesha nafuu kubwa pale dawa za kinga na mafunzo vilipotumika pamoja. Na mwenye maumivu yaliyolipuka ghafla, homa na shingo ngumu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apewe rufaa siku hiyo hiyo, kabla ya daftari lolote kufunguliwa.