Kalamu Iliyohamia Kwenye Video
Mwaka 1981 jarida la michezo ya video la Electronic Games lilianza kuchapishwa Marekani, na Uingereza ikapata Computer and Video Games. Mhakiki wa enzi hizo alikuwa na picha chache za mnato. Mwendo wa mchezo ilimlazimu aueleze kwa maneno. YouTube ilipozaliwa mwaka 2005 mzigo huo ulipungua, na wengi wakasema video imeua uandishi. Walihukumu haraka. Mwaka 2007 mhakiki Ben Croshaw alianza mfululizo wa video wa Zero Punctuation katika tovuti ya The Escapist: vikaragosi kwenye mandhari ya njano, na sauti inayosoma mbiombio kama isiyovuta pumzi. Ondoa picha, inabaki makala kamili ya uhakiki.

Mtu atapinga akisema video nyingi hazina hati iliyoandikwa kabla, kwani mtangazaji hucheza huku akizungumza, kama walivyozoea watu wa tovuti ya Giant Bomb. Ni kweli, lakini hata hapo kinachotegemewa ni ujuzi wa kuupima mchezo, na mmoja wa waasisi wa Giant Bomb, Jeff Gerstmann, aliunoa ujuzi huo akiandika uhakiki katika tovuti ya GameSpot. Kilichobadilika zaidi ni mlipaji. Danny O'Dwyer alipoondoka GameSpot mwaka 2016 na kuanzisha Noclip, filamu zake za hali halisi ziligharimiwa na watazamaji kupitia jukwaa la michango la Patreon. Mwaka 2023 Croshaw na wenzake waliiacha The Escapist, wakaunda Second Wind kwa njia hiyohiyo. Waandishi hao hawakuikimbia kalamu. Walimwacha mwajiri anayeishi kwa matangazo, wakamfuata mtazamaji anayechangia mwenyewe.