Kutoka Kubana Laini hadi Kulinda Lango: Proksi na Dashibodi Kati ya Ruiru na Thika

Dashibodi ya seva ni ukurasa wa wavuti unaoonyesha hali ya mitambo kwa tarakimu na michoro: joto la mashine, nafasi iliyobaki kwenye diski, mzigo wa laini ya intaneti, kina cha maji kwenye tangi, umeme uliotumika tangu asubuhi. Mwenye seva anapoiendesha mwenyewe, kwenye kompyuta iliyo nyumbani au dukani kwake, swali la kwanza huwa ni nani aruhusiwe kuufungua ukurasa huo na apitie wapi. Jibu lililoenea miongoni mwa mafundi ni kuiweka dashibodi nyuma ya proksi ya kinyume, yaani programu inayopokea kila ombi kutoka nje, ikamtambua aliyelituma, kisha ikalipitisha ndani au ikalikataa. Katika ukanda wa Ruiru, Juja na Thika, kama kwingineko Afrika Mashariki, jibu hilo lilifikiwa kwa kupitia uhaba. Proksi ilijulikana kwanza kama chombo cha kubana matumizi ya laini. Kazi ya ubawabu ilikuja baadaye.

Elimu ya kompyuta katika ukanda huu ilishika mizizi Juja. Mwaka 1978 Mzee Jomo Kenyatta alitoa hekta 200 za ardhi kwa ajili ya chuo cha kilimo na teknolojia, serikali ya Japani ikasaidia ujenzi na vifaa, na wanafunzi wa kwanza wakapokewa mwaka 1981. Desemba 1994 chuo hicho kilifanywa chuo kikuu kamili, na leo kinajulikana kwa herufi zake, JKUAT. Mwaka huohuo, katika maabara ya CERN mjini Geneva, Ari Luotonen na wenzake walikuwa wakieleza kazi yao juu ya proksi ya wavuti, iliyowawezesha watu waliozingirwa na ukuta wa usalama wa taasisi yao kufika nje kupitia mashine moja. Kenya ilipata muunganisho kamili wa intaneti mwaka uliofuata, kupitia kituo cha ARCC jijini Nairobi, na kampuni za biashara zikaingia nyuma yake.

Muunganisho huo ulikuwa mwembamba na ghali mno. Telkom Kenya, iliyozaliwa mwaka 1999 shirika la posta na simu, KPTC, lilipogawanywa, ilipewa haki ya pekee ya njia za kimataifa. Watoa huduma walipofungua kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, KIXP, mnamo Novemba 2000, Telkom ililalamika na mdhibiti akakifunga mwezi uliofuata. Kilirudi kufanya kazi Februari 2002. Bila kituo hicho, barua pepe iliyoandikwa Thika na kusomwa Nairobi ingeweza kupanda setilaiti, ikazunguka Ulaya au Marekani, ndipo ikarudi kilomita 40 hivi kutoka ilikoanzia. Vyuo vikuu viliungana mwaka 1999 katika KENET ili kununua uwezo wa laini kwa pamoja, lakini hata katikati ya miaka ya 2000 megabiti moja ya setilaiti bado iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Chuo kizima cha maelfu ya wanafunzi kingeweza kugawana uwezo ambao leo simu moja huumaliza kwa video moja.

Katika hali hiyo programu iliyowafaa mafundi wa vyuo ilikuwa Squid. Ilitolewa mwaka 1996, ikiwa imetokana na mradi wa utafiti ulioitwa Harvest, haikulipiwa, na iliridhika na kompyuta ya kawaida. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi nakala: mwanafunzi wa kwanza akifungua ukurasa, Squid inauleta kutoka nje na kuuweka kwenye diski, wa pili akiutaka, anapewa nakala ile na laini haiguswi. Iliweza pia kumwomba kila mtumiaji jina na nywila kabla ya kumpitisha, ikaweka kumbukumbu ya nani alikwenda wapi. Mafunzo ya mafundi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, yaliyoanza mwaka 2000 na kufanyika Nairobi mwaka 2006, yalikuza kizazi cha watu wenye ujuzi wa mitambo ya aina hii. Mwaka huohuo wa 2006 kilitoka kitabu cha bure kuhusu kusimamia uwezo wa laini katika vyuo vya nchi zinazoendelea, na proksi ya kuhifadhi nakala ilipewa nafasi kubwa ndani yake. Kizazi kile kilistahili heshima kuliko kinavyopewa: kiliifanya laini iliyopaswa kuhudumia watu kumi ihudumie mamia.

Dashibodi za mwanzo zilizaliwa na uhaba uleule. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha De Montfort mjini Leicester, Tobias Oetiker alitaka kujua hali ya laini ya kilobiti 64 iliyotumiwa na kompyuta zaidi ya elfu moja. Akaandika MRTG, programu iliyosoma hesabu za ruta kila baada ya dakika 5 na kuchora mchoro: eneo la kijani kwa data inayoingia, mstari wa buluu kwa inayotoka. Fundi wa chuo cha Afrika aliukuta mchoro huo ukisema habari anayoijua. Eneo la kijani lililogota juu saa nne asubuhi na kubaki hapo hadi jioni lilimaanisha laini imejaa, na hakuna maneno yaliyohitajika kumshawishi mkuu wa fedha.

Ulinzi wa kurasa hizo haukushughulisha wengi. Zilikaa ndani ya mtandao wa chuo, na aliyekuwa ndani alidhaniwa kuwa mwema. Penye kufuli, kufuli lilikuwa lile la msingi lililoandikwa katika maelezo ya HTTP ya Mei 1996: kivinjari hufungua kisanduku, mtu huandika jina na nywila, na maneno hayo hutumwa pamoja na kila ombi yakiwa yamegeuzwa sura tu, hayakufichwa. Mtu aliyeweza kusikiliza waya aliweza kuyarudisha katika hali yake kwa sekunde moja.

Ufumbuzi, hata hivyo, ulikuwa tayari ndani ya Squid. Tangu miaka ya mwanzo ilikuwa na namna ya pili ya kufanya kazi, ambapo inasimama mbele ya seva badala ya kusimama mbele ya watumiaji. Katika namna ya kwanza inawawakilisha watu wengi wa ndani wanaotaka kwenda nje. Katika ya pili inaiwakilisha seva ya ndani mbele ya watu wengi wa nje. Lengo lilikuwa kuipunguzia seva mzigo. Lakini mashine inayopitiwa na kila ombi ndiyo pia mahali pafaapo kuuliza, “Wewe ni nani?” Nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, ilirithi nafasi hiyo ya mbele, na wepesi wake uliifanya ienee kwa kasi.

Kilichoibadili Ruiru kutoka mji wa mashamba ya kahawa hadi mahali penye seva majumbani ni nyaya na barabara. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, TEAMS ukaanza kazi mwaka huohuo, EASSy ukafuata mwaka 2010, na utegemezi wa setilaiti ukaisha. Barabara ya Thika ilikuwa ikipanuliwa wakati uleule, kati ya 2009 na 2012. Watu wakahamia: sensa ya 2019 iliihesabu Ruiru kuwa na wakazi 490,120, karibu maradufu ya walivyokuwa miaka kumi nyuma, huku Thika ikiwa na 251,407. Faiba iliwafuata hadi kwenye maghorofa ya kupanga. Sasa mtu aliweza kuacha kompyuta ndogo ikiwaka mchana kutwa sebuleni, ikikusanya vipimo vya betri za sola, kamera za ploti na pampu ya kisima, na programu kama Home Assistant ya 2013 na Grafana ya 2014 zikampa dashibodi nzuri bila malipo.

Kizuizi kipya kikawa anwani za intaneti. Akiba ya dunia ya anwani za IPv4 ilimalizika Februari 2011, na mwaka 2017 AFRINIC, msajili wa anwani wa bara hili, ikaanza kuzigawa zilizobaki Afrika kwa kipimo. Mtoa huduma anapokuwa na wateja wengi kuliko anwani, huzikusanya nyumba nyingi nyuma ya anwani moja ya umma. Mwenye nyumba hufika kokote duniani, lakini ulimwengu haumfikii: ombi linalokuja kutoka nje halijui nyumba ipi kati ya hizo ndiyo yake. Njia iliyozoeleka ya kulipita tatizo hili ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha seva ya nyumbani ikafungua handaki kuielekea, kwa mfano kwa WireGuard, iliyoingizwa rasmi katika Linux Machi 2020. Kwa kuwa handaki linaanzia ndani, halizuiwi. Proksi ya kinyume hukaa kwenye seva iliyokodiwa, na mgeni hukutana nayo kabla hajalifikia handaki. Uhaba wa anwani uliwafundisha wengi kutenganisha lango na nyumba.

Jinsi lango hilo linavyofanya kazi huonekana vizuri katika nginx, ambayo tangu 2013 ina sehemu iitwayo auth_request. Anayefika kwenye kiwanda cha Thika hupokewa na mlinzi wa geti. Mlinzi hamjui, lakini hupiga simu ofisini na kutii jibu atakalopewa. Nginx hufanya vivyo hivyo: husimamisha ombi, hutuma ombi dogo kwa programu ya utambulisho, na kusubiri tarakimu. Ikirudi 200, ombi lapita. Ikirudi 401 au 403, lakataliwa, na kwa kawaida mtu hupelekwa kwenye ukurasa wa kuingia. Akishajitambulisha, kivinjari chake hupewa kuki iliyotiwa sahihi, na kwa muda uliowekwa hataulizwa tena. Njia yote husimbwa kwa fiche kwa vyeti ambavyo, tangu Let's Encrypt ifunguliwe kwa umma Desemba 2015, havigharimu chochote.

Programu ya utambulisho yenyewe inaweza kuuliza mahali pengine. OAuth 2.0 ya 2012 na OpenID Connect ya 2014 ziliweka utaratibu wa tovuti moja kumdhamini mtu kwa nyingine bila kuigawia nywila. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaufahamu msingi wake kupitia eduroam, huduma ya Wi-Fi inayoendeshwa nchini na KENET: anayetembelea chuo kingine huunganishwa kwa sababu chuo chake mwenyewe kimethibitisha kuwa anamtambua.

Umuhimu wa lango la mbele ulidhihirika kwa ajali za wengine. Februari 2018 kampuni ya usalama ya RedLock ilieleza kwamba dashibodi ya Kubernetes ya Tesla iliachwa wazi bila nywila, na wavamizi wakaitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Desemba 2021 Grafana ilitoa marekebisho ya kosa lililomwezesha mtu asiyeingia kabisa kusoma mafaili ya seva. Kosa la pili lina funzo zito zaidi, kwa maana kufuli la Grafana lilikuwepo na lilipitwa pembeni. Dashibodi iliyotanguliwa na proksi inayodai utambulisho kwa kila njia isingefikiwa na mtu wa nje asiyejulikana.

Lango hilo nalo huharibiwa na uzembe wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni kuiacha dashibodi isikilize kwenye mtandao mzima, hivyo anayejua namba ya poti yake huizunguka proksi; tiba ni kuifunga isikilize 127.0.0.1 tu au upande wa handaki. Wa pili unahusu vichwa vya ombi. Grafana inaweza kuambiwa iamini jina lililomo katika kichwa X-WEBAUTH-USER, ili mtu asiingie mara mbili. Proksi isipofuta kichwa kama hicho kilicholetwa na mgeni kabla ya kuandika chake, yeyote anaweza kujiita msimamizi. Vihisio vya kisimani navyo haviwezi kujaza fomu ya kuingia. Hutengewa njia yao yenye tokeni, na njia hiyo iruhusu kuandika vipimo tu.

Sheria iliongeza uzito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayedhibiti data binafsi amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 akigundua kwamba imefikiwa bila idhini na kuna hatari ya kweli ya madhara. Dashibodi ya kamera za ghorofa la wapangaji au ya mahudhurio ya wafanyakazi hubeba data ya namna hiyo, hata ikiwa seva yake iko chini ya meza.

Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika. Tukio kama hilo huonyesha gharama ya kumtegemea mthibitishaji aliye ng'ambo: seva iko nyumbani Ruiru, mwenyewe yuko nyumbani Ruiru, lakini ukurasa wa kuingia unaulizia kibali bara jingine. Seva ya lango iliyokodiwa Ulaya ina udhaifu huohuo. Kwa hiyo baadhi ya mafundi huendesha mthibitishaji wao wenyewe, kwa programu huria kama Keycloak au Authelia, hukodi lango lililo Nairobi ili data ipite KIXP, na huacha njia ya ndani inayofanya kazi hata laini ya nje ikifa. Ruta, seva na mthibitishaji huwekwa kwenye betri moja, kwani umeme ukipotea na kimoja kikazimika, viwili vinavyobaki haviwezi kumfungulia mtu.