Ugezi: kutoka ubao wa Mto Pangani hadi obiti ya Mshtarii

Tarehe 7 Desemba 1995 chombo cha anga cha Galileo kiliingia katika obiti ya kuizunguka Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote katika mfumo wa jua letu. Miongoni mwa vifaa kilivyobeba kulikuwa na kimoja cha kilo 10.5 ambacho kazi yake ilikuwa kunasa chembe zenye nishati kubwa: elektroni, protoni, na ayoni za oksijeni na salfa ambazo asili yake ni volkeno za Io, mmoja wa miezi ya sayari hiyo. Chembe ikigonga kitambuzi huacha pigo dogo la umeme. Pigo linapangwa kwenye fungu lake kulingana na ukubwa, na kihesabio kinaongeza moja. Basi. Kilichosafiri hadi duniani ni idadi ya mapigo. Lakini mwanafizikia haandiki mapigo. Anaandika mkondo wa chembe: ngapi zimepita katika kila sentimita mraba, kila sekunde, kutoka upande gani wa anga, zikiwa na nishati kiasi gani. Kati ya mapigo na mkondo kuna kazi inayojulikana kwa jina la kigeni kalibresheni, na data zilizopitia kazi hiyo ndizo zinazoweza kulinganishwa na data za chombo kingine chochote.

Jina lake la Kiswahili lipo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya ugezi huko Ubungo, Dar es Salaam, na viwanda hupeleka huko mizani, vipimajoto na geji za presha vikagezwe. Hata hivyo neno hili halijatoka sana nje ya maabara. Katika tafsiri za miongozo ya mashine utakuta urekebishaji, usawazishaji, uhakiki, au kalibresheni yenyewe. Mimi nalitetea ugezi. Hayo mengine yanataja kazi halali, ila si kazi hii.

Tuanze na uhakiki, ambao mkulima wa Handeni anaujua vizuri. Msimu wa mahindi au ufuta, pale Kabuku au Mkata, mnunuzi anatundika mizani, na Wakala wa Vipimo, ulioundwa mwaka 2002, una wajibu wa kuhakikisha mizani hiyo haimpunji mtu. Afisa vipimo huja na mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana, anayapima, anatazama tofauti. Ikiwa ndani ya kiwango cha kosa kinachoruhusiwa, mizani inapigwa muhuri na kubandikwa stika. Ikizidi, inazuiwa isitumike. Jibu ni ndiyo au hapana. Mwenye magunia hahitaji zaidi ya hapo, na jibu hilo linamlinda kweli. Mtafiti hatosheki nalo. Yeye anauliza: kifaa kikisoma 50, ukweli ni ngapi, na shaka inayobaki ni pana kiasi gani?

Urekebishaji na usawazishaji ni kazi ya fundi anayekaza skrubu hadi mshale urudi kwenye sifuri. Msamiati wa kimataifa wa elimu ya vipimo unaonya waziwazi kwamba kurekebisha kifaa kusichanganywe na kalibresheni. Kifaa kinaweza kugezwa bila kuguswa hata skrubu moja: cheti chake kitasema tu kwamba kinasoma juu kwa kiasi fulani, na mtumiaji ataipunguza tofauti hiyo katika hesabu zake.

Kamusi zetu zinalo geza kwa maana ya kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine, na pia kufuatisha mfano. Humo ndimo kilimotoka kigezo, ambacho kila mwanafunzi wa sekondari anakitumia pasipo kukumbuka kitenzi chake. Kazi yote imo ndani ya mzizi huo: pana kitu kinachojulikana, pana kitu kinachoulizwa, na viwili hivyo vinawekwa pamoja. Kigezo kisipokuwepo, hakuna ugezi.

Nenda Korogwe ukalione hili kwenye maji. Mto Pangani unapita hapo ukiteremka kuelekea Hale, ambako kituo cha umeme cha megawati 21 kimekuwa kikiutegemea tangu miaka ya 1960, na maji yake hupimwa. Ubao wa vipimo uliosimikwa mtoni unaonyesha kimo cha maji, tuseme mita 1.8. Kimo peke yake hakiwashi taa. Mhandisi wa umeme, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inayotoa vibali vya kutumia maji, wanataka kujua ni mita za ujazo ngapi zinapita kila sekunde. Kwa hiyo wataalamu wanaingia mtoni na chombo cha kupimia kasi, wanachukua upana na kina, wanapata ujazo halisi wa siku hiyo. Wanarudi masika, wanarudi kiangazi, wakiandika kila kimo na ujazo wake, mpaka waweze kuchora mstari unaoviunganisha. Mstari huo ndio ugezi wa kituo. Mafuriko yakichimba kitako cha mto, au yakikijaza mchanga, mstari wa zamani unaanza kudanganya ingawa ubao haujasogea hata kidogo. Inabidi kugeza upya.

Kitambuzi cha Galileo kilikuwa ubao wa namna hiyo. Kabla ya safari iliyoanza Oktoba 1989, timu iliyoongozwa na Donald Williams wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani ilikiweka mbele ya mashine za kuchapua chembe. Walielekeza kwake miale ya chembe ambazo aina na nishati yake vilijulikana, wakaandika kila fungu lilivyoitika. Ndani ya kifaa sumaku zilipinda njia ya elektroni zisichanganyike na ayoni. Ayoni nyepesi na nzito zilitambuliwa kwa muda zilioutumia kuvuka nafasi fupi. Kutokana na majaribio hayo kila fungu lilipata namba zake: eneo la mlango wa kitambuzi pamoja na upana wa pembe unaoingiza chembe, ufanisi wa kunasa, upana wa nishati. Mapigo ya kila sekunde yakigawanywa kwa zao la namba hizo, mkondo unapatikana. Karatasini ni hesabu ya kidato cha pili.

Kule kwenyewe haikuwa hivyo. Karibu na Mshtarii chembe ni nyingi mno, na mbili zikifika kwa wakati mmoja kihesabio huandika moja, kwa hiyo panapostahili idadi kubwa kuliko zote ndipo kifaa kinaposema kidogo kuliko ukweli. Pili, kitambuzi kilizeeka. Galileo iliizunguka sayari ile kwa karibu miaka minane, ikipigwa na mionzi iliyozidi mara kadhaa ile iliyosanifiwa kuivumilia, hadi ilipoangushwa kwa makusudi ndani ya Mshtarii tarehe 21 Septemba 2003 ili isije ikauchafua mwezi Europa. Katika miaka hiyo ayoni nzito zilipiga uso wa vitambuzi vya silikoni mfululizo, na tabaka la juu likafa. Chembe ikipita katika tabaka lililokufa inapoteza sehemu ya nishati yake bila kifaa kuandika chochote. Ayoni ya oksijeni iliyofika mwaka 2002 ikasomwa dhaifu kuliko ile ya 1996 yenye nishati ileile. Asiyejua hilo angetangaza kwamba anga ya Mshtarii imebadilika, kumbe kilichobadilika ni kitambuzi.

Nani angekwenda kukirekebisha, umbali wa zaidi ya kilomita milioni 580? Nani angekipiga muhuri? Kilichobaki ni kugeza. Watafiti walizifuata alama za oksijeni na salfa ndani ya data zenyewe, wakaona zinavyoshuka kadiri miaka inavyokwenda, na kwa kushuka huko wakakadiria unene wa tabaka lililokufa na nishati iliyopotelea humo. Hesabu za namna hiyo zilikuwa bado zinachapishwa mwaka 2020, miaka 17 baada ya kifaa chenyewe kuteketea. Hapo ndipo ninapoona kwamba urekebishaji hauwezi kuwa tafsiri sahihi. Hurekebishi kitu kisichokuwepo, ila data zake unaweza kuzigeza, kwa kuwa ugezi unahusu uhusiano wa namba na kitu kilichopimwa, wala si mwili wa kifaa.

Wapo wenye pingamizi, na lina uzito: data zilizogezwa zikitamkwa haraka redioni husikika kama zilizogeuzwa, na maana inapinduka kabisa. Wengine wanasikia geza kwa ile maana ya kuiga, wakadhani data ni za bandia. Dawa ninayoiona ni kukitaja kigezo kila mara neno linapoingia kwa mara ya kwanza: mizani iliyogezwa kwa mawe ya kilo 20, kitambuzi kilichogezwa kwa miale ya protoni. Kigezo kikisimama pembeni, hakuna atakayesikia geuza. Kwa upande wa pili tunazo tayari data ghafi, yaani mapigo kabla hayajapewa maana, na jozi hiyo, ghafi na zilizogezwa, inatosha kabisa kufundishia.

Na neno lina kazi hapahapa. Mtumishi wa eksirei katika hospitali ya Korogwe au ya Handeni anatakiwa kuvaa beji ya kupimia mionzi. Beji za aina hiyo husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo maabara yake ya viwango vya mionzi iko Arusha. Kristali iliyomo ndani ikipashwa moto hutoa mwanga, na mwanga huo hauna maana yoyote mpaka ulinganishwe na wa beji nyingine zilizopewa mionzi ya kiasi kinachojulikana. Ndipo zinapatikana milisiviati, na mtumishi anaweza kujua yuko mbali kiasi gani na kikomo cha kimataifa cha wastani wa 20 kwa mwaka. Ningependa karatasi ya majibu yake iandikwe kwa Kiswahili hivi: mashine iliyosoma beji hii iligezwa tarehe fulani, kwa kigezo fulani, na shaka iliyobaki ni asilimia kadhaa. Akiona namba yake imepanda ghafla, atakuwa na mahali pa kuanzia kuuliza.