Bonsai ya Mepo, na Mti Wetu wa Nyikani



Mmoja wenu ameniuliza kama mepo, ule mti wa Japani wenye majani mekundu yaliyochanuka kama vidole, unaweza kukuzwa kwenye chungu hapa Same. Ameuona kwenye simu: mfupi kuliko ndoo, lakini una shina la kizee. Kwa walioko tambarare jibu langu ni moja, usipoteze hela. Mepo hutaka majira ya baridi kali ili upukutishe majani na kupumzika. Jua letu na upepo mkavu vitaunguza majani yake. Walioko juu kwenye ukungu, Chome na kwingineko, wakijaribu sitawazuia.

Ila kazi yenyewe ina historia inayotuhusu. Wachina walianza kulea miti midogo kwenye vyombo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Wajapani wakajifunza kwao na kuiita bonsai, yaani kilichopandwa kwenye chombo. Wengi hudhani ni mbegu ya kibete. Sivyo! Ni mti wa kawaida kabisa, unaobanwa na chombo kidogo na kupunguzwa mizizi na matawi mwaka hadi mwaka. Tetemeko la 1923 lilipoharibu Tokyo, baadhi ya walezi wa miti hiyo walihamia Omiya, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao cha bonsai. Kipo hadi leo, na wageni hukifuata kutoka mbali. Upo pia msonobari mmoja ulioanza kulelewa mwaka 1625. Ulikuwa kwa familia ya Yamaki mjini Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945, ukapona, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Marekani. Fikiria mnyororo huo wa watu, kila mmoja akimwagilia mti alioachiwa na mwenzake.

Sasa tuje kwetu. Unaujua ule mti wa nyikani wenye shina nene kama chupa, unaotoa maua ya pinki wakati majani hayapo? Wauza maua huuita waridi la jangwani. Jina la kitaalamu ni Adenium obesum. Mtaalamu Peter Forsskål aliuandika alipokuwa Yemen na msafara wa Denmark. Alifia huko kwa malaria mwaka 1763, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1775. Jina Adenium limetokana na mji wa Aden. Lakini Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi walikuwa na matumizi yao: utomvu wake huchemshwa kuwa sumu ya mishale.

Waliougeuza kuwa biashara kubwa ni Thailand na Taiwan. Wamechanganya mbegu wakapata maua ya rangi nyingi, nao huuza mbegu na miche nchi za nje. Huko si kwao mti huu. Kwao ni huku kwetu Afrika na Uarabuni. Mimi hilo linaniuma kidogo.

Njia ya mkato ni kwenda porini na sururu. Usifanye hivyo. Mkomazi ni hifadhi ya taifa tangu 2008, na ukikamatwa umetoka nayo hutaniita nikutetee. Hata nje ya hifadhi, muone kwanza ofisa misitu wa wilaya. Tena mti mkubwa uliochimbwa vibaya huoza shina, hasara tupu.

Anza na mbegu. Matunda hukaa mawili mawili kama pembe. Yafunge kwa kitambaa kabla hayajapasuka, maana mbegu zina manyoya na upepo huzibeba. Zipande zikiwa mbichi, kwenye mchanga mkavukavu uliochanganywa na changarawe na samadi kidogo iliyooza. Chombo kiwe na matundu. Mwagilia udongo ukikauka tu. Ukihamisha mche, uinue kidogo ili unene wa mizizi uonekane, na kata ncha ili utoe matawi. Vipandikizi vya tawi huota, ila mara nyingi havitoi shina nene ambalo mnunuzi analitaka.

Vaa glovu unapokata, na weka kitalu mbali na mbuzi na watoto. Ile sumu ya mishale bado imo ndani.