Mfalme Decebalus na Dola ya Warumi

Kaskazini ya mto Danube, katika nchi iitwayo leo Romania, palikuwapo zamani ufalme wa Wadacia. Mfalme wao Decebalus alikuwa hodari wa vita na mwerevu wa mashauri. Mwaka 89 B.K. alipatana na Kaisari Domitian: yeye akawa rafiki wa Roma, nayo Roma ikampa fedha kila mwaka pamoja na mafundi. Warumi wengi waliyaona mapatano hayo kuwa ni fedheha, dola kuu kumlipa mfalme mdogo.

Kaisari Trajan akaazimia kuifuta fedheha hiyo. Alipigana na Wadacia mwaka 101 hadi 102, kisha akamwamuru Apollodorus wa Damascus ajenge daraja juu ya Danube. Vita vilizuka tena mwaka 105, na mwaka uliofuata mji mkuu, Sarmizegetusa, ukaanguka. Decebalus, alipokaribia kukamatwa, alijiua asije akawa mateka.

Mambo hayo yamechongwa katika Nguzo ya Trajan, iliyozinduliwa Roma mwaka 113. Lakini mchongaji alikuwa wa upande wa mshindi. Wadacia hawakutuachia kitabu. Katika lugha yao yamesalia majina na maneno machache tu, na Kiromania cha leo ni mtoto wa Kilatini. Basi tusomapo habari za walioshindwa, yatupasa kwanza kuuliza: ni nani aliyeishika kalamu?